Mwaka Niliovaa Viatu vya Fundi Idi

Kibor si mtu wa kupiga simu. Tumejuana tangu ujana, na katika miaka yote hiyo nadhani amenipigia mara tatu, kila mara kwa sababu ya msiba. Kwa hivyo nilipoona jina lake asubuhi ile, nikiwa nimekaa nje ya nyumba yangu Myanga nikichambua maharagwe, niliweka ungo chini kabla ya kupokea. "Simiyu," akasema, bila salamu. "Fundi Idi ameenda. Wanazika leo leo, si unajua hao watu hawangojangi." Nilivaa koti nikaondoka, lakini nilipofika Kitale kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu walikuwa wakijipangusa udongo mikononi. Nilimkuta Kibor amesimama pembeni, kofia mkononi. Tukaenda kukaa katika hoteli iliyo karibu na msikiti, wazee wawili, yeye akiwa ameunyoosha mguu wa kushoto chini ya meza kwa sababu goti lake halikunjiki. Mama aliyetuletea chai alitutazama nguo zetu za mazishi akauliza kama tulikuwa jamaa za marehemu. Kibor akanitazama mimi. Mimi nikatazama chai. "Wateja," nikasema.

Hilo lilikuwa jibu la kweli, ila lilikuwa dogo kuliko ukweli. Mwaka jana binti yangu anayesoma chuo cha Kibabii alinionyesha kwenye simu yake picha ya buti za ngozi zenye soli nyembamba, pana mbele, zisizo na kisigino. "Baba, hizi ndizo za kisasa," akasema. "Ati wawindaji wa ng'ambo wanavaa hizi, na watu wa kubeba mizigo milimani. Mguu unahisi ardhi." Nikamwambia nilizivaa kabla yeye hajazaliwa. Hakuniamini, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilipoziona mara ya kwanza sikuziamini, wala sikumwamini aliyezishona, na kutoamini huko ndiko kulikoniletea mambo ninayotaka kuyasimulia hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mambo ya wazazi wangu na sababu zilizonitoa Bungoma si ya sura hii. Itoshe kujua kwamba nilifika Kachibora na begi moja, nikapata kazi ya kubeba viazi. Mashamba ya viazi yalikuwa juu, kwenye miteremko inayokaribia msitu, na mvua ikinyesha hakuna gari lililoweza kupanda huko. Lori lilisubiri chini barabarani. Sisi wabebaji tulipanda mikono mitupu, tukateremka na gunia mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, mwendo wa saa nzima kwa mguu uliozoea. Tulikuwa wanane. Tulilala wanne wanne katika vyumba viwili vya mabati vilivyokuwa vya mwenye duka, na jioni sufuria moja ya ugali iliwekwa katikati, tukala bila maneno mengi, kila mtu akichunga upande wake. Nilikuwa mtu wa kushuku. Sijui nilizaliwa hivyo au nilifunzwa na barabara. Nililala begi langu likiwa limefungwa kwa kamba kwenye kifundo cha mguu. Mtu akicheka katika chumba cha pili, niliamini ananicheka mimi. Watu wawili wakinyamaza nilipoingia, nilitaka kujua walikuwa wakisema nini, na hata waliponiambia nilijua wameniambia jingine.

Kibor alikuwa tofauti na wengine kwa sababu alikuwa mtu wa kulekule, mzaliwa wa milima ya Cherangany, na alibeba gunia kama mtu aliyebeba mtoto wa jirani: kwa heshima, bila haraka. Sisi wengine tulivaa gambuti, zile buti ndefu za mpira. Gambuti zilijaa matope, zikateleza, kisigino chake kilichoinuka kikatusukuma mbele tukiteremka hadi magoti yakawaka moto. Kibor alivaa buti za ajabu. Juu zilikuwa ngozi ya ng'ombe iliyounganishwa na kipande cha turubai la lori, zikifika juu kidogo ya kifundo. Chini hakukuwa na kitu, au hivyo ndivyo nilivyoona: tabaka moja la mpira wa tairi lililopunguzwa kwa kisu mpaka likapinda kama chapati. Vidole vyake vilionekana vikitembea ndani. Siku moja nilipoanguka na gunia mara mbili kabla ya saa nne, alinisaidia kulisimamisha akasema, "Wewe si dhaifu. Ni hiyo viatu inakudanganya. Inakwambia chini ni sawa, na chini si sawa." Jumapili iliyofuata akanipeleka Kitale.

Fundi Idi alifanyia kazi kwenye baraza la duka la nafaka, hatua chache kutoka msikitini. Alikuwa mtu mwembamba, wa miaka hamsini hivi, mwenye kofia iliyofumwa kwa mkono na miwani iliyofungwa kwa uzi wa kushonea viatu. Nyuma yake kulikuwa na chumba kidogo kilichonuka gundi, nta na ngozi mbichi, na ukutani kalibu za mbao zenye umbo la mguu zilining'inia mbili mbili. Hakuniuliza nilivaa saizi gani. Alitandika karatasi ya mfuko wa saruji sakafuni. "Panda hapo. Usikae, simama. Mguu uliokaa haukwambii kitu." Akauchora kwa penseli, taratibu, akipita kati ya vidole. Kisha akamwita mwenye duka amletee gunia la mahindi. Akanitwika. Nilisimama pale kwenye karatasi ya pili, jasho likinitoka, watu wanaotoka sokoni wakitazama, naye akauchora mguu tena. Alipoziweka karatasi mbili pamoja nilishangaa. Mguu wa chini ya mzigo ulikuwa umepanuka kama unga uliotiwa maji. "Umeona?" akasema. "Wenye viwanda wanampima mtu ambaye hajabeba kitu. Halafu unashangaa kwa nini kidole kinakufa." Akaandika jina langu kwenye zote mbili, akazitia katika sanduku la bati lililojaa karatasi nyingine za namna hiyo.

"Soli hii itabeba gunia, Mzee?" nikamuuliza.

"Gunia linabebwa na mguu, kijana. Kiatu kazi yake ni kunyamaza."

Jibu lile lilinikera. Mtu anayejibu vizuri hivyo, niliwaza, ana kitu anachokificha. Na nilijiuliza kwa nini mshona viatu aweke miguu ya watu na majina yao katika sanduku lenye kufuli.

Buti zilikuwa tayari baada ya wiki moja, na wiki tatu za mwanzo nilizichukia. Misuli ya nyuma ya miguu iliniuma hata nikashindwa kuchuchumaa. Niliona kila kokoto kwa unyayo wangu. Bua la muhindi lililokatwa kwa mshazari lilipenya soli likanitoboa, na nikarudi chumbani nikichechemea na kumtukana Fundi kwa lugha ya kwetu ili wengine wasielewe, ingawa watatu kati yao walikuwa Wabukusu kama mimi. Kibor hakunionea huruma. Alinifundisha kutembea upya, mimi mtu mzima. Nisitupe kisigino mbele; nifupishe hatua; niuweke mguu kwanza, niusikilize, ndipo niulete mzigo juu yake. Mwezi wa pili wa kuzivaa jambo likabadilika. Siku moja nilikuwa nateremka na gunia kwenye njia iliyolowa, nikahisi jiwe linacheza chini ya kidole kikubwa, na kabla akili haijafika nilikuwa nimeshahamisha uzito kwenye mguu mwingine. Jiwe likaporomoka peke yake. Nilisimama nikicheka kama mwehu chini ya gunia la viazi. Wenzangu wakaona. Kabla mvua hazijaisha, wote wanane tulikuwa na karatasi zetu ndani ya sanduku la Fundi Idi.

Sasa lazima niseme habari ya mitego. Sheria ilikataza kuwinda, tulijua, na sitaki kujitakasa leo kwa vile nimezeeka. Nguruwe wa msituni walifukua viazi, nungunungu walikata mahindi, wenye mashamba walilia, na sisi tulikuwa na njaa ya nyama. Alfajiri, kabla ya kazi, Kibor alituongoza wawili watatu ukingoni mwa msitu kuangalia mitego ya waya. Hapo ndipo nilipoelewa buti zile zilishonwa kwa ajili ya nini kwanza, kabla ya viazi. Ukivaa gambuti msitu mzima unajua umefika. Katika buti za Fundi nilikihisi kijiti kikavu kabla hakijavunjika, nikauondoa mguu. Siku moja, rungu mkononi, nilimkaribia paa aliyekuwa akila majani mpaka nikaona pua yake inavyotetemeka. Sikumpiga. Nilisema nimemkosa, Kibor akasema, "Haya," na kwa namna alivyosema nilijua amejua.

Kisha mitego ikaanza kuondolewa. Mara ya kwanza tulidhani ni wezi wa nyama. Mara ya pili tulikuta waya zimekatwa kwa mkasi na alama za buti kubwa za askari wa wanyamapori zimekanyaga pale pale, moja kwa moja, bila kutafuta. Mtu aliyetafuta huzunguka. Hawa walikuja kama watu walioelekezwa. Ilitokea mara ya tatu na ya nne. Hawakumkamata yeyote, kila mara sisi tulikuwa njiani na viazi. Ungedhani tungemshukuru Mungu kwa hilo. Badala yake kila mtu akaanza kumtazama mwenzake. Ugali wa sufuria ile ukawa mchungu. Mmoja akisema anaenda sokoni, mwingine alikumbuka naye ana haja sokoni. Nami, ambaye nilikuwa nimeshuku watu bila sababu maisha yangu yote, sasa nilikuwa na sababu, na nakiri kwamba niliionea raha.

Nafula alikuwa na hoteli pale Kachibora, chumba kimoja kilichogawanywa kwa magunia yaliyoshonwa pamoja: upande mmoja wabebaji na madereva, upande wa pili wenye pesa. Alipika maharagwe mazito yaliyochanganywa na mahindi, na chapati siku ya soko. Mchana mmoja nilikuwa upande wetu peke yangu, mgongo kwenye magunia, nikasikia mwanamume upande wa pili akisema kwa sauti ya chini: "Huyo fundi wa Kitale ako na miguu yao yote kwa karatasi. Na majina. Ukitaka, anakupa wiki hii hii." Mwingine akauliza, "Wote wanane?" "Wote." Kisha wakacheka, vijiko vikagonga sahani. Niliacha chakula changu. Nilipozunguka mbele, walikuwa wamepanda gari na kuondoka. Nilichokiona ni vumbi, na vumbi hilo kwangu lilikuwa ushahidi tosha.

Niliwaambia wenzangu jioni. Nilisimulia vizuri, ninavyoweza kusimulia nikitaka. Niliwaonyesha soli zetu: kila moja ilikuwa na umbo lake, hakuna mbili zinazofanana, kwa kuwa zilifuata mguu. Anayetaka kujua nani amepita msituni hahitaji zaidi ya kulinganisha alama ya matope na karatasi. Ndiyo maana ya kufuli, nikasema. Ndiyo maana ya majina. Mmoja akasema, "Kumbe tunavaa vitambulisho vyetu miguuni, bana." Kibor peke yake alikataa. "Fundi si mtu wa hiyo mambo," akasema. Nikamuuliza ana uhakika gani. Akafungua mdomo, akaufunga. "Nasema tu," akajibu.

Tuliteremka Kitale siku ya Ijumaa, wanane, mmoja wetu akiwa na panga chini ya koti. Tulijua saa ambayo Fundi angekuwa msikitini. Mwenye duka la nafaka alipoona nyuso zetu alifunga mlango wake. Nilivunja kufuli kwa mikono yangu, na nalisema hili wazi kwa sababu wengine saba walikuwa wakingoja mtu wa kuanza. Tulimwaga karatasi barabarani. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani, miguu ya watu wazima, miguu iliyopinda, mguu mmoja usio na vidole viwili. Mtu akawasha kiberiti. Karatasi za saruji hushika moto polepole, halafu zote kwa mara moja. Fundi Idi alitokea na watu waliotoka kuswali, kanzu yake nyeupe, viatu mkononi. Hakupiga kelele. Alisema, "Mnatafuta nini? Mngeniuliza ningewapa." Nami nikapaza sauti mbele ya watu wote wa msikiti wake: "Tunatafuta miguu yetu uliyowauzia askari!" Uso wake ulibadilika, lakini haukuwa wa mtu aliyekamatwa. Aligeuka akamtazama Kibor, kidogo tu. Kisha akaona kitu katika moto, akapiga magoti na kutia mkono ndani. Alijaribu kuitoa karatasi moja. Iliwaka kwenye vidole vyake, akaishikilia hata hivyo, mpaka mtu mmoja wa msikitini akamvuta nyuma. Mnajua niliwaza nini? Niliwaza: hiyo ndiyo yenyewe, anataka kuokoa ushahidi. Tuliondoka kabla watu hawajajipanga.

Tuliporudi nilizitupa buti zangu juu ya paa la choo na kuvaa gambuti tena, na wengine wakafanya vivyo hivyo, isipokuwa Kibor. Baada ya wiki mbili mitego ilikatwa tena. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza maswali. Mimi nilisema Fundi lazima amekariri nyayo zetu kichwani.

Kilichonifungua macho kilikuja kwa njia ya maumivu, tena ya mtu mwingine. Mvua za mwisho wa mwaka zilikuwa zimeanza. Nilikuwa nateremka na gunia, gambuti zimejaa maji, Kibor nyuma yangu. Mahali njia inapojikunja juu ya kijito nilikanyaga jiwe. Mguu wangu haukuniambia kitu. Ndani ya gambuti ile kila mahali palikuwa sawa. Nilianza kwenda upande wa bonde. Kibor alitupa gunia lake, akanishika mshipi na kunivuta upande wa mlima, na gunia langu likamwangukia yeye gotini. Nilisikia goti likivunjika. Tulimbeba kwa blanketi, wanne tukipokezana, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa ile nilitamani zile buti, kwa kuwa kila nilipoteleza yeye alipiga ukelele.

Wodini Kitale alilazwa karibu na dirisha, mguu umeinuliwa, plasta mpaka pajani. Nilikwenda kumwona siku ya tatu na uji wa Nafula katika chupa. Alinywa nusu, akanirudishia kikombe. "Simiyu, vuta kiti. Hii maneno sitaki mtu asikie." Nikavuta. "Hiyo mitego si Fundi. Ni mimi nilikuwa naonyesha askari."

Nilidhani ni homa. Akaendelea, macho kwenye dari. Mwaka mmoja kabla sijafika Kachibora, alikamatwa na nyama ya paa barabarani. Askari wawili walimpa achague: jela, au awe anawaonyesha mitego. Akachagua mitego, kwa sharti lake mwenyewe, kwamba atawaonyesha waya lakini si watu. Walimwacha miezi mingi kabla ya kurudi kudai ahadi hiyo. "Siku wanakuja, mimi nasema asubuhi, leo tubebe kwanza. Hakuna mtu yenu alishikwa. Hesabu. Hakuna hata mmoja."

Nikakumbuka. Asubuhi zote zile. Leo tubebe kwanza, mvua inakuja. Leo tubebe kwanza, lori litaondoka. Niliyekuwa nikimshuku mtu kwa kukohoa, sikuwahi hata mara moja kumfikiria Kibor. Alikuwa amenifundisha kutembea. Nadhani nilihitaji mtu mmoja wa kutomshuku, na yule mmoja ndiye aliyekuwa.

"Na ulisimama pale," nikasema. "Tukachoma. Ukanyamaza."

"Ningesema nini? Mlikuwa wengi na mmoja alikuwa na panga." Machozi yalimshuka kuelekea masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali. "Kama unataka kuwaambia, waambie. Siwezi kukimbia na hii mguu."

Sikuwaambia. Nilitoka nikazunguka mji bila kujua naenda wapi, nikarudi Kachibora, nikaenda kwa Nafula na kumuuliza juu ya wanaume wawili waliokaa upande wa pili mchana ule. Alikuwa akikanda unga. "Yule mnene? Si ni mnunuzi wa viazi, yule wa rori," akasema. "Alikuwa anataka kuwanunulia nyinyi viatu vya Krismasi, wote wanane, juu aliona mkivaa hivyo hamwangushi gunia. Akaambiwa Fundi ako na kalatasi zenu tayari, atashona wiki hiyo hiyo. Rakini mkaenda mkachoma." Akainua macho. "Kwani wewe ulisikia nini?" Nilimwambia nilisikia hivyo hivyo. Na ilikuwa kweli. Sikuwa nimekosa hata neno moja.

Ilinichukua karibu wiki nne kupata ujasiri. Nilipofika Kitale, Fundi Idi hakuwa tena barazani. Mwenye duka alimfukuza kwa kuogopa fujo, na wateja wa mlimani walikuwa wameacha kuja. Nilimpata nyuma ya msikiti, katika kibanda chenye mlango usio na ubao, akishona kandambili zilizokatika. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa na ngozi mpya, ya kung'aa, na alishika sindano kwa namna ya mtu anayejifunza upya. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, jua linakaribia kuzama. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Nilisimama mlangoni nikasema niliyokuja kusema: kwamba tulikosea, kwamba ni mimi niliyeanza, kwamba mimi ndimi niliyevunja kufuli.

"Mmejuaje kwamba mlikosea?" akauliza, bila kuinua kichwa.

"Tumejua tu, Mzee."

"Ni Kibor amekwambia."

Alikata uzi kwa meno. "Mimi nilijua zamani," akasema. "Aliniambia mwenyewe siku aliyokuja kupimwa. Alilia palepale juu ya karatasi, ikabidi nichore nyingine."

"Sasa kwa nini hukusema? Siku ile, mbele ya watu wote?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Niliona mpini wa panga kwenye koti la mwenzako. Mlikuja kuchoma kitu, kijana. Ningelitaja jina lake mngemchoma yeye. Karatasi huchorwa tena." Akaiweka ile kandambili chini, akaipangusa mikono yake kwenye aproni kwa muda mrefu. "Ila moja haichoriki. Ilikuwa ya Zuhura, binti yangu. Alikuwa na miaka sita. Nilimpima viatu vya sikukuu, na homa ikamchukua kabla sijakata ngozi. Nilikuwa naiweka humo kwa kuwa sanduku lilikuwa na kufuli."

Nje watu walianza kupita na vyombo vilivyofunikwa kwa vitambaa. Fundi akasema, "Nimekusamehe. Na yule wa mlimani mwambie nimemsamehe, aje nimtazame hilo goti nililosikia limevunjika, atahitaji kiatu kimoja kirefu kuliko kingine. Lakini wewe, mguu wako sitaupima tena. Usije ukaniomba."

"Sitakuomba, Mzee."

Alitimiza neno lake. Kibor alishonewa viatu na mkono ule kila baada ya miaka miwili, naye alimteremshia asali ya msituni kila msimu, hadi mwaka huu. Mimi nilirudi Bungoma kabla ya Krismasi na nimevaa viatu vya dukani tangu wakati huo.

Lakini jioni ile, tukiwa bado pale kibandani, adhana ikalia. Fundi Idi alisogeza boksi la vipande vya ngozi kwa mguu, akaonyesha nikae. "Keti. Saa hii simwachi mtu mlangoni." Alifungua kitambaa: tende chache, viazi vitamu vilivyochemshwa, birika la uji wa pilipili manga. Alikuwa na kikombe kimoja. Alikula tende moja, akamimina uji, na yeye aliyekuwa hajatia maji kinywani tangu alfajiri akanipa mimi kwanza. Nilikipokea kwa mikono miwili. Na kabla ya kukiinua, bila kukusudia, niliinamisha kichwa nikatazama ndani.

Aliniona. Hakukasirika. Alitikisa kichwa kidogo, kama fundi aliyeona kasoro asiyoweza kuirekebisha.

"Kunywa, mwanangu," akasema. "Ni uji tu."